Krismasi yetu Sheffield na mbwa wetu Mbege: maswali mnayotuuliza kila Desemba

Kila ikifika Novemba simu inaanza kuwaka, mara shangazi kutoka Machame, mara binamu wa Dar kapata viza anakuja kutusalimia, mara mashemeji wa Tanga, na maswali ni yaleyale, kwaio nimeyakusanya hapa niwe nawatumia linki tu badala ya kurekodi voisi ndefu. Mnaokuja someni yote, hasa pale kwenye vitunguu. Msiokuja chagueni mnachotaka. Kwa wasiotujua, sisi ni mimi, baba watoto, watoto wawili wa shule na mbwa mmoja anaitwa Mbege, kama ile pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya rangi yake, tunakaa Sheffield, mji wa vilima vilima kaskazini mwa Uingereza.

Kwanini Desemba hamji Moshi kama Wachagga wenzenu?

Jamani tunatamani. Tunajua kabisa kwamba Desemba ndo Moshi yenyewe, mabasi ya kutoka Dar yamejaa, kila boma mbuzi kaanguka, kisusio, ile supu ya damu, kinachemka, watu ambao hawajaonana tangu mwaka jana wamekaa chini ya migomba. Lakini shule za huku zinafunga kama wiki mbili tu Krismasi, na tiketi za ndege wiki hiyo bei inapaa kwasababu kila mwenye kwao nje anasafiri siku zilezile, sasa zidisha kwa vichwa vinne uone. Ndo maana mnatuona kiangazi cha huku, Julai kuelekea Agosti, likizo ikiwa ya wiki sita hivi na sisi tukikaa tunakaa kweli.

Sawa, na mbwa? Si mngemleta tu, au mkamuacha kwa jirani?

Kumleta sio shida kubwa, shida ni kumrudisha. Mbwa anayeingia Uingereza akitokea nchi kama Tanzania anatakiwa awe na chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu kinachoonyesha chanjo imeshika, na dawa ya minyoo aliyopewa siku 1 hadi 5 kabla ya kuingia, na makaratasi yakikosewa kitu kimoja basi. Kuna watu wanaolaza mbwa majumbani kwao kwa malipo lakini nafasi za Krismasi zinaisha mapema sana. Na majirani nao wana Krismasi zao.

Mbona amekonda hivyo? Hamumlishi?

Hili swali shangazi analiuliza kila tukipiga video na kila mara anaangalia upande wa baba watoto kama ndo mkosaji. Mbege ni greyhound, mbwa wa mbio aliyestaafu. Hao wameumbwa hivyo, kiuno chembamba, kifua kikubwa, mbavu zinaonekana kidogo na daktari wa mifugo anasema ndo uzito wake sahihi. Akiamua kukimbia anapita kilomita 60 kwa saa, alafu akirudi nyumbani analala kwenye kochi mpaka unajiuliza kama yuko hai. Hahitaji kutembezwa masaa, matembezi mawili ya wastani kwa siku yanamtosha, tofauti na mbwa wa kuchunga kondoo ambao ukiwaweka ndani siku nzima wanakula milango.

Ni kweli anavaa koti? Na pajama?

Kweli. Chekeni mmalize. Manyoya yake ni mafupi, ngozi nyembamba, mafuta mwilini karibu hana, kwaio baridi ikishuka anatetemeka waziwazi, na mbwa wa aina hii au wadogo wadogo wanaweza kupata shida kabisa kwenye baridi kali. Koti lake la nje halipitishi maji na lina mistari inayong'aa gari likimmulika. Pajama ni ya usiku, hita ikizimwa. Mbwa mwenye manyoya mazito wala hahitaji, na ukimvalisha unamchosha tu.

Jua linatoka saa ngapi huko na mnamtembeza muda gani?

Hapa sasa. Karibu na tarehe 21 Desemba, siku fupi kuliko zote, jua Sheffield linachomoza kwenye saa mbili na robo asubuhi na kidogo, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Masaa saba na nusu ya mwanga, na siku ya mawingu huo mwanga wenyewe ni kama taa ya kuazima. Ukiwa unafanya kazi ofisini unaweza kutoka nyumbani giza na kurudi giza Jumatatu mpaka Ijumaa, jua unalisikia kwenye simu mkituambia huko kuna joto.

Mbege hajali ofisi. Asubuhi anasimama mlangoni, na lazima mtu atoke, mvua, ukungu, baridi ya kung'ata masikio, lazima. Tunagawana, baba watoto asubuhi na taa ya kichwani, mimi nafanyia kazi nyumbani siku kadhaa kwaio namtoa mchana wakati kuna mwanga, jioni watoto na mmoja wetu. Nitasema ukweli, kabla ya mbwa majira ya baridi yalikuwa yananikalia vibaya, nilikuwa natoka kazini naingia ndani nafunga pazia mpaka kesho. Saivi saa sita mchana naiona mbingu kila siku hata kama ni ya kijivu. Sijapona baridi, bado naichukia, ila siifungii tena mlango.

Na habari ya jua, huku serikali inashauri kila mtu afikirie kunywa vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, kuanzia majira ya kupukutika majani mpaka baridi iishe, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Mkija tutawapa. Ni kidonge kidogo kinauzwa dukani, hakina haja ya cheti.

Mnapita wapi?

Njia yetu ya kila siku ni bonde la mto Porter, kijito tu kwa kipimo cha Kilimanjaro ila huku wanakiita mto. Unaanzia bustani ya Endcliffe, kuna mawe ya kukanyaga kuvuka maji, watoto lazima wavuke hapo hata kama daraja liko jirani, na kila mwaka yupo mmoja anarudi na soksi imelowa. Ndani ya bustani kuna kumbukumbu ya ndege ya vita ya Wamarekani iliyoanguka pale tarehe 22 Februari 1944, wakafa wote 10 waliokuwemo, na mpaka leo watu wanaweka maua na bendera ndogo. Babu alivyokuja alisimama pale muda mrefu kweli.

Ukiendelea juu unapita Shepherd Wheel, karakana ya zamani ambapo gurudumu la maji lilikuwa linazungusha mawe ya kunolea visu. Wale ambao jikoni kwa bibi kuna kisu au vijiko vya zamani vimeandikwa Sheffield, basi mji wenyewe ndo huu, na vijito kama huu ndo vilivyokuwa vinaendesha kazi hiyo. Juu kabisa kuna bwawa la Forge Dam na mkahawa, hapo ndo kituo, chai ya moto kwenye kikombe cha karatasi, vidole vinaanza kurudi. Mbege anapewa maji na watu wanaanza kumsalimia.

Na hapa kuna jambo litawachekesha. Waingereza mnawajua, unaweza kukaa nyumba pua na pua na mtu miaka mkasalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Lakini ukiwa na mbwa wanasimama. Wanauliza umri wake, anakula nini, analala wapi, mara wanakwambia habari za mguu wao na mtoto wao aliyehamia Australia. Jina lako hawaliulizi! Wanajua la mbwa. Kwaio mimi pale bondeni ni mama Mbege, kama vile nyumbani ningeitwa mama wa mtoto wangu wa kwanza, na mimi nawajua wenzangu hivyohivyo, baba Alfie, mama Poppy, yule mzee wa mbwa wawili weupe. Mzee huyo asipoonekana tunaulizana.

Tutaiona theluji?

Msikate tiketi kwa ajili hiyo. Theluji inaweza kuanguka lakini Krismasi nyeupe ya kwenye kadi ni nadra, na ujanja wenyewe ni kwamba idara ya hali ya hewa inaihesabu hata ikianguka chembe moja tu ndani ya masaa 24 ya tarehe 25. Theluji ya kutanda chini sehemu kubwa ya nchi asubuhi ya Krismasi, tangu 1960 imetokea 1981, 1995, 2009 na 2010. Mtakachokiona kwa hakika ni mvua nyembamba isiyoisha, tope, na umande ulioganda. Huo umande nao ni mzuri sana, kila jani limepakwa sukari, lakini unadumu mpaka saa nne asubuhi basi.

Ile chumvi barabarani ni ya nini na kwanini mnamuosha mbwa miguu?

Halmashauri ikiona usiku utaganda inatoa malori yanamwaga chumvi ya mawe, ina rangi ya udongo udongo, nyingi inachimbwa chini ya ardhi huko mji wa Winsford. Kwenye miteremko yetu kuna hadi masanduku ya manjano ya chumvi pembeni ya njia, wananchi mnajimwagia wenyewe. Bila hiyo gari linateremka kama sabuni.

Ila chumvi inaunguza nyayo za mbwa na akijilamba inamdhuru. Kwaio tukirudi ni hivi: hakuna kupita kwenye kapeti, Mbege anasimama kwenye taulo kuukuu pale mlangoni, beseni la maji ya uvuguvugu, mguu mmoja mmoja, unapanua vidole unatoa tope na zile chembe zilizojificha katikati, unakausha kabisa maana ukiacha unyevu pale ngozi inachubuka. Mguu wa nyuma wa kulia hapendi kushikwa, atautoa mwenyewe, msimlazimishe. Mgeni yeyote atakayekaa zaidi ya siku mbili anaingizwa kwenye zamu.

Kitu kingine cha hatari ni maji ya kuzuia injini kuganda, ni matamu na ni sumu kali kwa mbwa na paka, hata kidogo. Ukiona kimemwagika chini ya gari mpitishe mbali.

Na bwawa likiganda, watoto wanaweza kucheza juu?

Hapana. Barafu ya huku ni nyembamba, inakudanganya. Na mbwa akitumbukia usimfuate, mara nyingi mbwa anatoka mwenyewe na aliyemfuata ndo anayebaki. Piga 999 uombe zimamoto.

Ni kweli mnaokota kinyesi cha mbwa kwa mkono?

Kwa mfuko, jamani, mkono uko ndani ya mfuko! Baba mkubwa alipoona mara ya kwanza alinyamaza njia nzima alafu usiku akamuuliza mume wangu taratibu, kama vile kuna msiba, "mwanangu, na shahada zote zile?" Ndiyo baba. Usipookota unaweza kupigwa faini hadi paundi 100 papo hapo, na ukifikishwa mahakamani ni hadi 1,000. Ukiacha faini ni aibu, watu wanakuangalia. Mifuko iko kwenye kila mfuko wa kila koti la nyumba hii, hata lile la kwenda kanisani, nilishawahi kutoa mmoja badala ya sadaka nikaurudisha haraka.

Naweza kumtembeza peke yangu?

Siku ya pili, baada ya kwenda na sisi. Kamba mikono miwili, maana akiona kindi anaondoka kutoka sifuri na wewe unaondoka naye. Kumfungulia hapana, isipokuwa kwenye vile viwanja vilivyozungushiwa uzio ambavyo unakodi kwa saa. Kola yake lazima iwe na kile kibati chenye jina na anwani yetu, ni sheria mbwa akiwa nje, na chipu anayo, nayo ni lazima kwa mbwa wote hapa tangu 2016.

Ukipotea usione haya kuuliza. Sema uko na Mbege, watakurudisha.

Akinilamba au kuniuma niende kuchoma sindano?

Naelewa hofu hii, tumekulia sehemu ambayo kichaa cha mbwa kinaua kweli. Mbwa wa Uingereza hawana kichaa, huku virusi vya jamaa hiyo viko kwa popo tu, kwaio kulambwa nawa mikono endelea na chai. Akikuuma mbwa yeyote bado kidonda kinaoshwa na unamuona nesi kwasababu ya maambukizi mengine na pepopunda. Ila mkirudi nyumbani msichukue uzoefu huu mkaupeleka kule: Tanzania ukiumwa na mbwa au hata kukwaruzwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Shemeji yetu ni Muislamu safi, ataishije humo ndani?

Ataishi vizuri, na si wa kwanza. Tunajua kwa Mashafii, na watu wa pwani wengi ndo hao, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, kinachoguswa kinaoshwa mara saba na moja ya hizo kwa udongo, kwaio hatutanii na hatumwambii mtu "mzoee tu ni mpole". Ghorofani Mbege hapandi kabisa wageni wakiwepo, kuna kigeti kwenye ngazi. Chumba cha shemeji ni cha juu, mkeka wake wa kuswalia, taulo zake na vyombo vyake viko upande wake. Mbege akitoka kwenye mvua anakaushwa jikoni kwanza asije kumgusa mtu akiwa amelowa. Nyama ya nyumba hii siku hizo tunanunua halali yote, inatuondolea maswali. Kutembea naye nje, mwaka jana shemeji alijitolea mwenyewe ila kwa umbali wa hatua kadhaa, wakawa wanaenda kama watu waliokosana.

Siku ya Krismasi yenyewe inaendaje? Tuje lini?

Njooni kabla. Tarehe 25 treni hazitembei nchi nzima, mabasi ni kama hakuna, na maduka makubwa, yanayozidi mita za mraba 280, yamekatazwa na sheria kufungua siku hiyo. Tarehe 26 treni bado ni za kubahatisha. Mtu akitua Heathrow tarehe 25 asubuhi akidhani ataruka kwenye treni aje Sheffield, atakula Krismasi kwenye benchi. Tarehe 23 ndo mwisho wetu wa kupokea watu bila presha.

Usiku wa tarehe 24 watoto wanamuachia Baba Krismasi kipai cha zabibu na karoti ya wale kulungu wake (karoti anaimaliza Mbege, watoto wameshajua ila wananyamaza). Asubuhi soksi za zawadi, kanisa, alafu matembezi marefu wakati oveni inafanya kazi yake. Bondeni siku hiyo unakuta kila mtu, sweta za Krismasi za kutisha, mbwa wamefungwa riboni nyekundu, baiskeli mpya, na watu wasiosalimia mwaka mzima wanakutakia heri kwa sauti. Lile lisaa limoja, mwanga mdogo, moshi unatoka kwenye mabomba ya nyumba, ndo Krismasi ya Uingereza ninayoipenda kuliko mlo wenyewe.

Saa tisa alasiri Mfalme anahutubia. Desturi hiyo ilianza redioni 1932 na George wa Tano, kwenye televisheni 1957 na Malkia Elizabeth. Sisi tunaangalia kwasababu jirani yetu mmoja mzee huwa tunamualika asikae peke yake, na kwake hotuba ni ibada.

Mnakula nini? Na mbwa anapata makombo?

Meza ni ya muungano. Bata mzinga yupo, viazi vya kuoka kwa mafuta ya bata, vile vikabichi vidogo vya kijani ambavyo hakuna anayevipenda na kila mtu anapakua viwili kwa adabu, soseji ndogo zilizoviringishwa bekoni (wakija akina shemeji ni za kuku, na bekoni ya bata mzinga). Pembeni yake pilau ya kwangu na kachumbari, chapati, na ndizi za kupika tukizipata zimekuja na mzigo London. Mlo ukianza mnavutana zile karatasi zinazopasuka paa!, ndani kuna taji la karatasi, na lazima ulivae, babu kavaa la zambarau na suti yake. Mwisho pudini nzito nyeusi ya matunda makavu inamwagiwa brandi na kuwashwa moto. Nimeila miaka yote hii na bado naona ni keki iliyopata ajali, ila kuiwasha ni raha.

Sasa makombo. Sikilizeni, hapa ndo ugomvi. Nyumbani mbwa anakula kilichobaki na hatukuwahi kujiuliza. Hapa mezani karibu kila kitu ni sumu kwake. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa, vya unga, vinaharibu damu ya mbwa, kwaio pilau HAPANA, mchuzi HAPANA, hata ule wali uliobaki chini ya sufuria. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo zake, na zabibu ndo mwili wa vile vipai na ile pudini. Chokoleti, nyeusi ndo mbaya zaidi. Pipi na bazoka zisizo na sukari, kuna kitu kinaitwa xylitol, kinamuangusha haraka sana. Na mifupa iliyopikwa, hasa ya ndege, inapasuka vipande vyenye ncha vinamchana tumbo. Najua mtasema mbwa wa babu alikula mifupa ya kuku miaka yote, sawa, na wale waliokufa porini hatukuwafanyia uchunguzi.

Anachoweza kupata ni nyama nyeupe ya bata mzinga bila ngozi, bila mfupa, bila mchuzi, karoti, na hata ugali mtupu tonge moja halina neno. Akila kisichofaa msisubiri atapike na msione aibu kusema nani alimpa, namba ya daktari wa dharura iko kwenye friji, na siku ya Krismasi wanafanya kazi ila bili yake inakaa kwenye moyo.

Hivi ni kweli mnaimba nyimbo za Krismasi baa? Nyie Walutheri?

Ni kweli na mchungaji wetu anajua. Hii ni mila ya Sheffield yenyewe, vijiji vya upande wa magharibi na kaskazini, Dungworth, Stannington, Worrall, huko watu wanajaa kwenye pabu kuanzia Jumapili inayofuata tarehe 11 Novemba mpaka Boxing Day (tarehe 26 Desemba) na kuimba nyimbo za Krismasi ambazo sehemu nyingine za nchi hazijulikani au zinaimbwa kwa tuni nyingine. Historia yake ni kwamba karne ya 19 makanisa yalibadilisha muziki wao, nyimbo za zamani za wananchi zikakosa nafasi, wenyewe wakazihamishia pabu wakaendelea. Ule wimbo wa wachungaji waliokuwa wakilinda kondoo usiku una tuni nyingi pale kiasi kwamba wanaweza kuuimba, wakapumzika, wakauimba tena na ukadhani ni wimbo mwingine.

Mara ya kwanza niliingia nikiwa nimekunja uso. Chumba kidogo, watu wamebanana bega kwa bega, glasi mkononi, kinanda kwenye kona, hakuna kwaya, hakuna kiongozi anayeonekana, alafu wakaanza na besi ikatoka nyuma yangu kwa wazee wa mashamba waliosimama karibu na mlango, sauti nne kamili bila kitabu. Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya KKKT hawezi kusimama pale akabaki na mdomo umefungwa. Sikujua maneno, nikashika alto nikaenda nayo. Mbwa wanaruhusiwa, Mbege analala chini ya meza kwenye kiblanketi chake na kila mtu anamruka. Wahi mapema, saa sita mchana milango ikifunguliwa, la sivyo mtaimbia kwenye maegesho.

Boxing Day mnafanya nini?

Tarehe 26, sikukuu kama Tanzania, na huku shughuli yake kubwa ni mpira na kutembea. Siku hiyo tunatoka mjini kabisa, Stanage, ule ukingo mrefu wa mawe kwenye hifadhi ya Peak District, upepo wake unakutoa machozi bila kuhuzunika. Kule kuna kondoo, na kondoo wa Desemba wengi wana mimba, wakifukuzwa wanaweza kuharibu, na mfugaji akikuta mbwa anasumbua mifugo yake sheria inaweza kumruhusu kumpiga risasi. Kwaio Mbege kamba fupi, isiyozidi mita mbili, muda wote. Mkikuta ng'ombe wakawajia mbio, achieni mbwa, atawashinda mbio hao, nyinyi hamuwezi.

Na mwaka mpya, fataki?

Hatutoki. Usiku wa tarehe 31 fataki zinaruhusiwa mpaka saa saba usiku na Mbege anazichukia, kama alivyozichukia tarehe 5 Novemba, usiku mwingine wa fataki huku. Anatembezwa kabla giza halijaingia, mapazia yanafungwa, redio juu, mtu mmoja anakaa naye. Wanaotaka kwenda kuangalia mtachukua ufunguo.

Watoto wetu hapa Reading, Uingereza hukohuko, wamewaona na wanataka mbwa wa Krismasi. Tununue?

Krismasi sio wakati. Huku kuna msemo wa shirika moja la mbwa, msemo wa tangu 1978, kwamba mbwa ni wa maisha yake yote, sio wa Krismasi tu, na ulitungwa kwasababu watu walikuwa wanawatupa Januari. Subirini Machi, nendeni kwenye vituo vya mbwa wanaotafuta nyumba, muulize mbwa anayefaa nyumba yenye watoto. Mkitaka mtoto wa mbwa, tangu 2020 muuzaji wa katikati haruhusiwi kuwauza wakiwa chini ya miezi sita, kwaio lazima mumuone na mama yake pale alipozaliwa. Mtu akikwambia mkutane kwenye maegesho ya petroli, rudisha hela mfukoni.

Tubebe nini?

Viatu visivyopitisha maji kabla ya kitu kingine chochote. Makoti tunayo ya kuazima, viatu vya kuazima havitoshi. Nguo nyembamba nyingi kuliko sweta moja nene, glavu, kofia ya kufunika masikio. Nyama, hata iliyokaushwa, na maziwa au siagi haviruhusiwi kuingia kutoka Tanzania, watavichukua uwanjani, msijaribu. Majani ya chai, viungo vya pilau na kanga leteni. Mbege hahitaji zawadi.

Tukitaka kupiga video siku ya Krismasi, saa ngapi?

Majira ya baridi mko mbele yetu kwa masaa matatu. Asubuhi tuko kanisani alafu bondeni, na huko mtandao ni wa kukatika katika. Pigeni saa mbili usiku ya kwenu, huku ni saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, vyombo vimeoshwa. Shangazi ataonyeshwa mbwa, ataonyeshwa na bakuli lake la chakula likiwa limejaa.